Jina la Baba Kwenye Fomu ya Wankuru

Bhoke mwanangu,

Nimejificha stoo. Nimekaa juu ya gunia la mahindi, mlango nimeuegesha, na shangazi zako wananitafuta waniulize sufuria kubwa iko wapi. Wacha watafute. Jua bado liko juu, wewe umo chumbani unafunga begi, na kesho alfajiri gari linakuchukua. Nikisubiri mpaka wageni waje na waondoke sitaweza kuandika kitu. Kuchoka nimechoka tangu asubuhi, na kusema kweli nimechoka tangu zamani.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kula vizuri, wala za kupiga simu kila Jumapili. Hayo shangazi zako wameshayasema mpaka umeanza kuitikia bila kusikiliza, nimekuona. Nataka nikuambie jambo moja nililofanya nikiwa kazini, na jambo jingine nililofanya leo saa tisa mchana. Hili la leo linakuhusu wewe moja kwa moja. Safari yako inaweza kuharibika kwa sababu yake. Nimelitaja mapema ili usisome huku unajiuliza mama anazunguka nini.

Unakwenda kufanya kazi ileile niliyoifanya mimi, ila kwa upande wa pili. Mimi nilikuwa nawatoa wanafunzi wa uzamili huku kwetu kwenda kufanya mafunzo kazini nje. Wewe kwa mwaka mzima utakuwa kwenye chuo rafiki unawapokea. Watu wa hapa Kewanja wakiniuliza nilikuwa nafanya nini kule Mwanza, nawaambia nilikuwa nawatafutia watoto wa watu nafasi nchi za nje. Wananitazama kama nilikuwa na ndege yangu. Kumbe kazi yenyewe ni kukaa tu. Unasoma wasifu wa mtu ambaye hajui aseme nini juu yake mwenyewe. Unamsahihishia barua ya maombi mara nne. Unamkimbiza mkuu wa idara asaini, naye kila ukifika ametoka sasa hivi. Unaandikia chuo cha mbali, hawajibu, unaandika tena kwa adabu zaidi, na wakijibu wanakuambia wako likizo. Halafu unamwita kijana ofisini unamwambia hapana, jaribu mwakani. Anakushukuru, na hiyo shukrani ndiyo inayochosha kuliko yote.

Niliipenda kazi hiyo, usije ukadhani najuta kuifanya. Nilikuwa najiona mtu wa maana. Siku ya kipaimara chako usaili wa mwanafunzi mmoja ulisogezwa, nikajiambia ni saa moja tu, nikafika kanisani watu wameshahamia kwenye pilau. Ulikuwa na gauni jeupe. Uliniambia "Shikamoo mama" kwa sauti ile ambayo mtoto anamsalimia mgeni wa baba yake. Hukulia, hukununa. Nilitamani ununue hata ugomvi, nikukute na kosa. Mpaka leo sijawahi kukuomba radhi kwa siku ile, basi nakuomba.

Lakini si hilo nililojia hapa stoo.

Kosa langu lilianza taratibu, nalo lilianza kama wema. Nilikuwa nasafisha watu. Akija kijana wa huku Tarime, ameandika kwenye wasifu wake kwamba alikuwa karani wa ritongo kijijini kwao, anaandika maneno ya wazee wanapokaa kumaliza kesi za mipaka na mifugo, mimi nafuta. Nilisema, wazungu wataelewa nini? Naweka "ana uzoefu wa uandishi wa ripoti". Binti ameandika kwamba alichunga ng'ombe mpaka kidato cha pili, nafuta. Mwingine ameandika anasema lugha nne, na mojawapo ni Kikurya, naacha tatu. Walikuwa wanatoka ofisini kwangu wasafi kabisa, wote wanafanana, na mimi nikijisifu kwamba nimewasaidia. Mwenyeji mmoja wa kule aliwahi kuniuliza kwenye simu, kwa nini wanafunzi wako wote ni mtu yuleyule? Nilicheka. Nilidhani ananitania.

Ndipo akaja Wankuru.

Wankuru alizaliwa Matongo, hapo tu ng'ambo. Alikuwa anasoma uzamili, utafiti wake ni juu ya tembo wanaotoka hifadhini na kuingia mashambani upande wa Serengeti. Msichana mfupi, mbishi, anauliza swali mpaka unachoka. Chuo rafiki kilimchagua yeye mmoja katika wote tuliowapeleka mwaka ule, miezi tisa, kila kitu kimelipwa. Chuo hicho ndicho hicho unachokwenda wewe kesho. Wakati huo ulikuwa kidato cha pili.

Fomu ya viza ilikuwa na nafasi ya jina la baba. Wankuru aliandika Weigesa. Mbele yake akaandika "mwanamke". Halafu akaambatisha karatasi yenye nusu ukurasa, ameeleza vizuri tu, kwamba amezaliwa katika nyumba ntobhu. Kwamba kwa Wakurya mwanamke aliyefiwa na mume, na ambaye hana mtoto wa kiume, anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake, na watoto atakaozaa huyo ni wa nyumba yake. Kwamba Weigesa ndiye aliyemuoa mama yake, ndiye aliyemsomesha, na yeye Wankuru hana baba mwingine wa kuandika.

Niliisoma ile karatasi nikahisi moto masikioni. Akilini nilimwona ofisa wa ubalozi akiisoma na kumwita mwenzake waje wacheke. Hakuna aliyecheka, Bhoke. Nilimcheka mimi kabla yao. Wankuru alikuwa ameshaondoka, fomu ameniachia niikague na kuituma. Nikaitoa karatasi yake ya maelezo, nikaiweka kwenye droo. Kwenye nafasi ya baba nikafuta Weigesa nikaandika Chacha, jina la marehemu mume wa Weigesa ambalo Wankuru alikuwa amelitaja mwenyewe kwenye maelezo. Nikajiambia, kimila si ndiye baba? Nyumba si ni yake? Nikatuma.

Sasa utaniuliza, mama, wewe mtu mzima, mratibu, hukujua kwamba cheti cha kuzaliwa kitadaiwa? Nilijua. Ila nilidhani cheti chake kinasema Chacha. Na kwa nini nilidhani hivyo? Hapo ndipo pagumu, na ndiyo sababu nimekaa hapa kwenye gunia badala ya kukuita tuzungumze kama watu.

Kwa sababu cheti changu mimi kinasema Marwa.

Bibi Gati unamkumbuka. Alikubeba, alikutafunia nyama kabla hujaota magego. Nilikuambia alikuwa mama mkubwa wa ukoo, na kwamba babu yako Marwa alikufa mimi nikiwa nanyonya. Uongo. Marwa alikufa miaka sita kabla sijazaliwa. Gati alikuwa mjane wake. Gati ndiye aliyetoa ng'ombe akamuoa mama yangu. Mimi ni mtoto wa nyumba ntobhu kama Wankuru. Yule mwanamume aliyekuwa anakuja kwa mama yangu namjua kwa sura, alikuwa na mji wake na watoto wake, hakuwahi kunitolea hata kalamu. Kalamu alinunua Gati. Viatu alinunua Gati. Nilipopelekwa shule mwalimu akauliza jina la baba, nikajibu bila wasiwasi wowote, Gati. Mwalimu huyo alikuwa mgeni, alitoka mkoa mwingine. Akasema, "Gati si jina la kike?" Darasa likacheka, hata wale ambao nyumbani kwao kulikuwa vivyo hivyo. Siku ile nikamwambia baba yangu anaitwa Marwa, na sijaacha kusema hivyo mpaka leo. Cheti nilikitafuta ukubwani, nikaandikisha nilivyotaka. Enzi zetu hakuna aliyelinganisha karatasi na karatasi.

Kwa hiyo nilidhani kila mtoto wa namna yetu amefanya nilivyofanya. Haikunijia akilini kwamba kuna binti wa Matongo anaweza kwenda ofisi ya wilaya na kusema, andika Weigesa, na kusimama pale wakibishana naye mpaka waandike.

Alikwenda ubalozini na cheti chake mkononi. Wakamuuliza baba yako ni nani, akasema Weigesa. Wakamuuliza Chacha ni nani, akasema ni mume wa Weigesa, alikufa kabla sijazaliwa. Wakamuuliza, kwa nini basi umeandika kwamba ndiye baba yako? Akasema sijaandika hivyo. Wakapiga simu ofisini kwangu.

Nilikuwa na chai mkononi. Sauti ya mwanamke, ya upole kabisa, ikaniuliza kama kuna mtu katika ofisi yangu aliyebadilisha maelezo kwenye fomu. Nikajibu: "Fomu hujazwa na mwanafunzi mwenyewe." Maneno matano. Akanishukuru akakata simu. Nikamalizia chai yangu. Loo, Bhoke, chai ile niliimalizia yote.

Wakamnyima viza kwa kosa la kutoa maelezo ya uongo. Kosa hilo halifutiki haraka. Kila fomu atakayojaza maishani kuna swali, umewahi kunyimwa viza, na kwa nini? Wankuru alikuja ofisini, hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mwalimu, karatasi yangu ya maelezo ilikwenda wapi?" Nikamwambia labda ilipotea kwenye skana. Ilikuwa kwenye droo, karibu kabisa na goti langu.

Hakupata safari nyingine. Alimaliza uzamili, akakaa nyumbani, sasa yuko mapokezi kwenye loji moja karibu na lango la Ikoma. Anawapokea watu waliokuja kuwaona tembo ambao yeye anawajua kuliko wanaowaongoza.

Mwaka huu mradi wa tembo wa chuo kile rafiki umemkumbuka. Wamempa nafasi tena. Kikao cha ubalozi cha kuamua kama kosa lake linaweza kuondolewa kitakaa Jumatatu ijayo, na kinachotakiwa ni kimoja tu, maelezo ya aliyeikagua na kuituma ile fomu. Aliniandikia barua pepe mara mbili. Sikumjibu.

Sikumjibu kwa sababu yako. Hapana, ngoja niseme vizuri, maana hicho nacho ni kukusingizia. Sikumjibu kwa sababu niliogopa. Nafasi yako alisaini mwenzangu aliyenirithi, lakini muhuri ni wa ofisi niliyoiongoza mimi mpaka nilipostaafu. Chuo rafiki wakijua kwamba mratibu alikuwa anabadilisha fomu, watafungua kila faili lililotoka kwetu. Na la kwako limo. Kwako hakuna uongo, nalijua faili lako, umelijaza mwenyewe na ukanikatalia nisiliguse. Ulifanya vizuri kunikatalia, ingawa siku ile nilinuna. Lakini mtu akishaanza kutilia shaka mama, hatamwacha binti. Wanaweza kukuzuia usianze kazi. Wanaweza kukurudisha ukiwa umeshafika.

Wiki iliyopita nilikuaga nakwenda Mugumu kutafuta mbegu. Sikwenda kutafuta mbegu. Nilikwenda Ikoma.

Nilimkuta Wankuru amesimama nyuma ya meza, amevaa sare ya kijani, jina lake limeandikwa kifuani. Aliponiona aliinamia daftari la wageni, halafu adabu ikamshinda.

"Shikamoo mwalimu. Unalala au unapita?"

"Marahaba. Nimekuja kwako."

"Barua zangu ulizipata?"

"Nilizipata. Zote mbili."

"Basi mtandao unafanya kazi," akasema.

Nikamwambia yote, hapohapo nimesimama na mkoba wangu kama mtu anayeulizia vyumba. Droo, Chacha, simu, Gati, kila kitu. Alinisikiliza bila kubadilika uso. Kisha nikamwambia nitaandika, ila nilikuwa naomba mwezi mmoja, binti yangu afike kwanza, aanze kazi, atulie.

"Kikao ni Jumatatu, mwalimu."

"Najua."

"Kwa hiyo ningoje mtoto wako apite."

Nikahamishia mkoba mkono wa pili.

"Unataka nikuambie haina shida?" akasema. "Ina shida. Niliporudi nyumbani mwaka ule bibi Weigesa aliniuliza, ni kwa sababu yangu? Nikamwambia hapana, ni mambo ya karatasi. Hakuamini. Amekufa anajua kwamba jina lake ndilo lililonizuia. Mimi ningeweza kukaa hapa mapokezi mpaka nizeeke. Lakini huyo ulimfanya afe na lawama isiyo yake."

Nikaanza kusema nisamehe. Akainua mkono.

"Andika, mwalimu. Msamaha usiniombe hapa kazini." Kuna wageni walikuwa wameshuka garini. Akageuka, akatabasamu, akawaambia karibuni sana.

Nilirudi na bodaboda kipande, na gari kipande, vumbi hadi kwenye meno. Siku zote hizi nimekuwa nakutazama unapiga pasi nguo zako, unachagua, unaimba. Kila ukiimba nasema kesho nitaandika. Leo ni Alhamisi, Bhoke. Kesho ungekuwa umeshaondoka na mimi ningekuwa nimepata nilichotaka, mwezi wangu ningejipa mwenyewe kwa kuchelewa tu.

Saa tisa nikaenda kwenye duka la kuchapa pale senta. Nimewaandikia ubalozi, chuo rafiki na chuo chetu, barua moja. Mimi Rhobi Marwa, niliyekuwa mratibu, ndiye niliyeondoa karatasi ya mwanafunzi na kubadilisha jina la baba yake. Niliulizwa kwa simu nikasema uongo. Mwanafunzi hakujua lolote. Sikuweka sababu za kujihurumia. Nilitaja kwamba binti yangu anaanza kazi kwao na kwamba hakuhusika, kisha nikaifuta sentensi hiyo, kisha nikairudisha, kwa sababu bila hiyo wangeligundua wenyewe wakadhani tumeficha. Kijana wa duka akaniuliza kama atume. Nikamwambia sogea nitume mwenyewe. Kale kaduara ka kwenye kompyuta kakazunguka, kakazunguka, nikatamani mtandao ukatike, nakuambia ukweli. Haukukatika.

Unajiuliza kwa nini sikukuuliza kwanza. Ni safari yako, ungekuwa na haki. Nilifikiri juu ya hilo njia nzima kutoka Ikoma. Nakujua. Ungesema "tuma mama" kabla sijamaliza kusimulia. Kisha kama wangekurudisha, ungekuwa umejirudisha mwenyewe, na mimi ningesema si tulikubaliana. Na kama ungesema "ngoja kwanza," ungembeba Wankuru mgongoni mwako hadi Ulaya. Vyovyote vile mzigo ungekuwa wako. Nimechoka kuwapa watoto mizigo yangu. Kwa hiyo nimekukosea tena, safari hii nikijua, na jina la aliyekosea liko chini ya barua.

Ushauri sina mwingi. Wakikuacha uanze kazi, zitakufikia fomu zenye majibu yasiyoenea kwenye kisanduku. Mtu ataandika mama wawili, au hana tarehe ya kuzaliwa, au kwao ni mahali ambapo ramani haipajui. Mkono utakuwasha kumnyoosha. Utadhani unamsaidia, maana mimi nilidhani hivyo kwa miaka yote ile. Mwite umuulize. Akisema iache, iache. Na wakikurudisha, rudi nyumbani bila aibu, mwenye aibu nipo. Sijui litakalotokea kati ya hayo mawili. Ningedanganya nikisema nina imani yatakwenda vizuri, ninachojua ni kwamba nimechoka na ninaogopa.

Shangazi yako mdogo amegundua niko humu, anagonga.

Nilitaka kukuwekea barua hii kwenye begi, uisome ukiwa angani. Ingekuwa rahisi kwangu. Lakini Wankuru alihukumiwa mimi nikiwa mbali nakunywa chai, sikuuona uso wake alipoambiwa. Kwa hiyo nakuletea mwenyewe sasa hivi chumbani, kabla wageni hawajafika. Isome mpaka mwisho. Ukimaliza sema chochote unachotaka, hata kwa kelele, hata shangazi zako wasikie. Mimi niko hapa mlangoni, sitoki.

Mama yako,
Rhobi, mtoto wa Gati